Nahodha Asiyesalimiwa

Kwa Bwana Kanubhai, dukani,
Mabatini, Mwanza.
21 Agosti, 1938.

Mpendwa kaka Antoni,

Shikamoo. Nakuamkia wewe, namwamkia na wifi Odeta, na watoto wote wa nyumbani kwako nawashika vichwa mmoja mmoja. Natumaini barua hii itawakuta mnapumua vizuri, na kwamba joto la Dar es Salaam, ulilolilalamikia mara ya mwisho kana kwamba umezaliwa Ulaya, limepungua. Kifua cha wifi kimepona? Ile dawa ya mwarobaini aliinywa, au aliimwaga nyuma ya nyumba kama ninavyomfahamu?

Huku sisi ni wazima, kwa maana ya kwamba tunaamka, tunakula na tunalala. Mwanangu Ngosha anatembea sasa. Anaanguka, anainuka, na hataki kushikwa mkono. Mama yuko Busisi, miguu inamsumbua lakini shambani anakwenda. Pamba ya mwaka huu si mbaya. Ziwa limetulia na dagaa ni wengi hata paka wanachagua.

Najua simu ya maandishi uliipata, maana jibu lako lilifika. Simu ni ya maneno machache. Ilisema tu kwamba mdogo wetu Mayala amefariki. Wewe ukauliza amekufaje. Nilipaswa kukuandikia mapema zaidi, lakini kila nilipokaa kuandika niliona vyombo havijaoshwa, nikaenda kuosha vyombo.

Nakuandikia upate kujua alivyokufa, na pia kwa sababu kuna neno linalongojwa kutoka kwako. Mama amekataa kumaliza matanga mpaka wewe useme kama mume wangu Chenge bado ni mtu wetu au si mtu wetu tena. Tangu Baba afariki, wewe ndiye baba. Ukisema si wetu, ng'ombe wake wa mahari watarudishwa kwao, nami nitavuka maji kurudi Busisi kwa Mama. Ndivyo ilivyo. Nimeitaja mapema ili usisome barua yote ukijiuliza huyu Justa anataka nini.

Kwanza habari za timu, maana bila hizo hutaelewa kitu. Wewe ulipoondoka Mwanza timu haikuwapo. Vijana wa kiwanda cha kuchambua pamba ndio walioianzisha, na Chenge akiwa mmoja wao. Unamkumbuka siku ya harusi yetu, alivyokaa kimya mpaka shangazi wakadhani wameniuza kwa bubu. Hata uwanjani yuko hivyo hivyo. Hakuna aliyemfikiria kuwa nahodha. Walimfikiria Masalu, golikipa, kwa kuwa Masalu ana sauti na ana maneno ya kumwaga.

Kilichowageuza ni mchezo mmoja na timu ya reli, pale uwanja wa Pasiansi. Chenge alipiga mpira, ukapita karibu sana na mti wa goli, refa akapuliza filimbi kwamba umeingia. Nyavu hazikuwapo, kwa hiyo aliyejua ni mpigaji tu. Watu wakaruka na kukumbatiana. Chenge akamwendea refa akamwambia mpira ulipita nje. Goli likafutwa, na mwisho tukafungwa. Jioni ile walitaka kumpiga. Siku chache baadaye, hasira zilipopoa, wakamchagua awe nahodha, kwa sababu walijua hatawadanganya hata wao.

Meneja wa kiwanda akamletea viatu vya mpira, jozi moja, kwa ajili ya cheo chake. Chenge akavitundika ukutani, akasema atavivaa siku wote watakapokuwa navyo. Machungwa yakiletwa uwanjani alikuwa wa mwisho kuchukua. Mimi nilimpenda kwa mambo hayo. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nalisikia sasa.

Shida ya timu ilikuwa mazoezi. Mmoja ana mgeni, mwingine kaenda kununua samaki, wa tatu amelala. Chenge akaleta sheria ya kwao. Unajua kule Usagara alikuwa nsumba ntale, mkubwa wa vijana. Yeye ndiye aliyewaita kulima shamba la mtu na yeye ndiye aliyewatoza faini. Kijana aliyekwepa jembe alitengwa. Hasalimiwi, hapewi moto, haombwi tumbaku wala haombi, mpaka alete mbuzi, wote wamle, kisha neno limekwisha. Chenge akasema na katika timu iwe hivyo. Asiyekuja mazoezini bila kutoa habari, atengwe.

Waliipenda, kaka. Usidhani waliburutwa. Wa kwanza kutengwa alikuwa Masalu mwenyewe, na zile siku chache alizokaa bila kuzungumza na mtu alikuwa akizungumza na kuku wangu. Mimi nilimpa ugali jikoni kama kawaida, na hakuna aliyesema neno, maana jiko ni la wanawake na sheria ilikuwa ya uwanjani. Kisha akaleta beberu mmoja mzee ambaye nyama yake ilitushinda meno. Tulicheka sana siku ile. Tangu hapo hakuna aliyechelewa, na timu ikaanza kushinda. Hata Bwana Mansukh, yule mwenye duka la vitambaa, akatoa kombe ligombaniwe kati yetu na timu ya Bukoba.

Mayala alikuwa winga wa kushoto. Unamjua mdogo wako. Alizaliwa mwaka wa njaa wakamwita Mayala, na tangu siku hiyo hakuacha kula wala kucheka. Alikuwa amepanga chumba uani kwa Bwana Kanubhai, karibu na kwetu hata kuku wao na wetu wanachanganyika. Alilala kwake, akala kwangu. Mpira ukimfika mguuni watu waliinuka kabla hajafanya lolote.

Mwezi wa saba, pamba ilipokwisha kuvunwa, ngoma za mashindano zikaanza kama kila mwaka, kundi la Wagika upande huu na la Wagalu upande ule. Mayala akaenda Kisesa kutazama. Ngoma ikamnogea akabaki, na mazoezi yakampita. Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, anaimba.

Yaliyotokea uwanjani nimeyapata kwa Masalu, maana mimi huko siendi. Chenge alimwambia ametengwa, alete mbuzi. Mayala akacheka, akasema mbele ya wote, "Shemeji, utanitenga wapi wewe? Ugali wangu uko jikoni kwa dada." Watu wakaangua kicheko. Masalu anasema hata yeye alicheka. Halafu kicheko kikaisha, na wote wakageuka kumtazama Chenge waone atafanyaje. Chenge akasema, "Basi, na jikoni kwangu kumefungwa."

Hapo ndipo pa kushika. Kwa mwingine yeyote jiko halikufungwa. Lilifungwa kwa Mayala tu, kwa sababu Mayala ni shemeji.

Nilimwuliza Chenge alipokuwa ananawa mikono ale. Nikamwambia, Masalu alikula hapa, kwa nini Mayala asile? Akanijibu, "Justa, mimi najijua. Katika timu nzima hakuna ninayempenda kama Mayala. Nikimlegezea hawatanisema, watanyamaza, na sheria itakuwa imekufa. Mtu anayejua anapendelea lazima ajikaze." Kisha akaniomba, hakuniamuru, nisipeleke sufuria uani kwa Kanubhai, maana wakiniona watasema nahodha ana sheria mbili. Nikaona ni maneno ya mtu mwema. Mpaka leo nayaona ni maneno ya mtu mwema. Sikupeleka sufuria.

Wanasema nyani haoni kundule. Chenge aliliona lake, unisamehe lugha, akalitazama sana mpaka hakuona kitu kingine. Mtu mwenye kidonda mguu wa kulia huegemea wa kushoto, na mwisho huo wa kushoto nao unaharibika.

Tena kuna jambo ambalo yeye hakulifikiria, wala mimi, wala yeyote kati yetu, na sote tumekulia vijijini. Kule nyumbani aliyetengwa ana mama. Ana bibi. Bibi hahesabiwi katika sheria za vijana. Ataingia na bakuli lake amelifunika kwa upande wa nguo, na nsumba ntale atatazama pembeni. Sheria ile ilitungwa na watu waliojua kwamba bibi yupo. Mabatini hakuna bibi. Kila mtu na chumba chake na kufuli lake. Ukimwondolea kijana timu na dada, umemwondolea watu wote, naye anabaki na kuta.

Siku za mwanzo tulimwona akipita kwenda kazini, amejipaka mafuta, anapiga mluzi ili tujue hajali. Chenge alikuwa akitazama chini mpaka apite. Kisha hatukumwona tena. Wote tukadhani amekwenda Busisi kumwomba Mama mbuzi. Hakuna aliyeuliza, maana kumwuliza habari zake mtu aliyetengwa ni sawa na kumsalimu. Chenge alifurahi. Aliniambia, "Atakuja na mbuzi wa Mama na maneno mengi, utaona," akaniagiza ninunue chumvi ya kuchomea nyama. Alikuwa ameanza kumngoja.

Alikuwa ndani, kaka. Alikuwa kwenye kile chumba, na homa.

Jumamosi moja mchana Champaben, mke wa Bwana Kanubhai, alikuja mlangoni kwangu. Tangu nimjue hajapata kuja; mimi ndiye niendaye dukani. Alisimama ameikunja sari yake mkononi isiguse vumbi, akaniangalia kwa hasira. Akasema, "Wewe iko dada gani? Kijana iko homa. Mimi napeleka maji, napeleka uji, yeye hapana kula. Rafiki zake napita hapa hapa mlangoni, hapana sema jambo. Mimi nafikiri pengine iko ndui, nyinyi naogopa."

Ni kweli wachezaji walikuwa wakipita mlangoni, maana ndiyo njia ya kwenda kiwandani. Walidhani chumba ni kitupu, na hata wangejua yumo wasingesalimu. Champaben anasema Mayala alikuwa akizisikia sauti zao, anatulia mpaka wapite. Hakuita. Aliyetengwa haiti mtu. Pamoja na kucheka kwake kote, sheria ile aliishika kuliko sisi.

Chenge alikuwa nyumbani. Tulikimbia. Mayala alikuwa kwenye mkeka, amekonda hata meno yalikuwa makubwa. Alitutambua. Mimi aliniita dada. Kisha akamtazama Chenge aliyesimama mlangoni, akasema, "Shemeji, hujambo?" Chenge akafungua mdomo, na neno halikutoka. Sijui kama ni mshtuko, au ni mazoea ya siku zote zile za kutomwitikia. Yeye mwenyewe hajui, na hilo ndilo linalomla.

Akamwinua akamweka mgongoni, tukashika njia ya hospitali. Mimi nilitembea nyuma nikiishika miguu yake isiburuzike. Tulipofika kwenye yale mawe makubwa kabla ya barabara, ile miguu ilibadilika mkononi mwangu. Nilijua. Sikumwambia Chenge. Nilimwacha afike.

Tulimchukua kwa lori mpaka Kigongo, kisha kwa mtumbwi kuvuka kwenda Busisi. Waliopiga makasia ni wachezaji. Mama alikuwa amesimama ufukweni, maana habari ilikuwa imetangulia. Hata ungepanda treni siku ile ile usingemkuta juu ya ardhi, kwa hiyo usijilaumu, maana huku hatuna upungufu wa lawama.

Masalu alitaka kumweleza Mama kwa njia ya upole. Chenge akamzuia. Akapiga magoti mchangani akasema yote mwenyewe, sheria, jiko, mlango, na ile salamu asiyoiitikia. Alisema kama alivyomwambia refa, bila kupunguza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi sina neno. Mwenye neno yuko Dar es Salaam." Wakati wa kufukia, jembe lilipita mkono hadi mkono. Kwa Chenge halikufika. Hakuna aliyeamua hivyo, lilimpita tu.

Sasa usikie alilofanya tuliporudi. Aliwakusanya vijana wote uwanjani akawaambia, "Nitengeni mimi. Msiniulize mpaka lini." Nao wakatii, kwa kuwa wamezoea kumtii. Hakuna anayemwamkia njiani. Kazini anafanya kazi peke yake. Hata mimi aliniomba nisimsemeshe, wala nisimpakulie. Anachoma mahindi yake uani na kunywa maji ya mtungi wa nje. Ngosha tu ndiye anayemkalia mapajani na kumvuta masikio, kwa kuwa hajui sheria.

Timu ya Bukoba inakuja na meli mwisho wa mwezi huu kugombania lile kombe. Masalu huja kwangu karibu kila jioni, akakaa jikoni akimpa Chenge mgongo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Shemeji Justa, kama ungekuwa unamwona mtu pale uani, ungemwambia Wahaya wanakuja, na winga wa kushoto hatuna, na nahodha hatuna. Lakini kwa kuwa hapana mtu, basi, tuyaache." Nami namjibu kwamba kweli hapana mtu, ni moshi tu. Tunacheza mchezo huo, kisha Masalu anaondoka. Juzi aliondoka akifuta macho. Aliniambia pembeni kwamba vijana wamechoka lakini hawajui waache lini, maana mwenye kuifuta amri ni yule aliyeitoa, na yule hataki.

Jumapili iliyopita nilikwenda uani nikavunja sheria. Nikamwambia, "Chenge, hii si toba. Hii ni amri nyingine. Umewafunga watu midomo mara ya pili." Aliacha kugeuza mahindi. Mahindi yakaungua upande mmoja. Niliingia ndani nikiwa nimesema kweli na nisipate faida yoyote kwa kuisema.

Ndivyo ninavyomwona. Ni mtu mwema, anayeyajua makosa yake yote na kuyataja mbele za watu, lakini hajui kuacha kuwa nahodha. Hata adhabu yake mwenyewe lazima aipange yeye. Vijana wale wakiambiwa walie watalia, wakiambiwa wanyamaze watanyamaza, na hakuna hata mmoja aliyeuliza moyo wake mwenyewe unataka kumfanyia nini Chenge. Na mimi pia.

Utaniuliza hali yangu. Sijalia. Mama analia, Champaben alilia dukani akinipimia sukari, mimi nikamshikia mizani. Siku moja niliipua sufuria kwa mkono mtupu, nikanusa ngozi kabla ya kusikia moto. Mguu ukifa ganzi unajua ni wako kwa kuutazama tu. Hivyo ndivyo ninavyomtazama Chenge. Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka Mayala pia, Mungu anisamehe. Najua nilimpenda, kama ninavyojua kwamba Bukoba iko ng'ambo ile. Naogopa siku ganzi itakapoachia.

Sasa neno lako. Sikuombi umsamehe na sikuombi umfukuze, kwa kuwa mimi mwenyewe sijui ninalolitaka, na mtu asiyejua hafai kuomba. Fanya hivi tu. Utakapomwandikia Mama, mwishoni utaweka salamu jina kwa jina kama ilivyo desturi yako, nami nitavuka kwenda kumsomea kama ilivyo desturi yangu. Jina la Chenge likiwemo, Mama atajua, naye Chenge ataitwa aje anyolewe pamoja nasi siku ya kumaliza matanga. Lisipokuwemo, Mama atajua pia, na mimi nitafunga mizigo. Huna haja ya kueleza.

Ila nakusihi jambo moja, na usiseme mdogo wako amekuwa mwalimu. Kabla hujaandika, jitazame. Usiliache jina lake ili tuone kaka mkubwa ni mkali na damu yake haichezewi. Wala usilitie kwa kunihurumia mimi na mtoto, maana hilo litakuwa kosa lile lile, limegeuzwa upande tu. Wewe nawe sasa umekuwa nahodha, kaka, na hukuomba. Pole.

Mambo mengine ni madogo. Lile bati la nyumba ya Mama lililong'olewa na upepo limepigiliwa. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Chumba cha Mayala Bwana Kanubhai hajampangisha mtu, na nilipomwuliza akasema ana magunia ya kuweka, lakini magunia sijayaona.

Mama anakusalimu sana, anasema ule chakula cha moto na usiogope kuja kwa sababu ya kukosa zawadi, aje mtu mwenyewe tu. Masalu anakusalimu ingawa hamjaonana. Bwana Kanubhai na Champaben wanakusalimu, na wanakupa pole ya msiba. Ngosha angekusalimu kama asingekuwa anakula kipande cha karatasi hii, ndiyo maana pembe ya juu haipo. Nisalimie wifi Odeta, mwambie dawa anywe. Wasalimie watu wote wa kwetu walioko huko, wale wanaomkumbuka Mayala na wale watakaosikia habari zake kwako kwa mara ya kwanza.

Mungu awafunike na homa ya huko isiwaone. Awape usingizi, na akuongoze mkono utakapokuwa unaandika.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata siku asizosikia kitu,

Justa

Kaka, nimeifungua tena, nilikuwa nimekwisha kuikunja. Chenge amekuja akasimama mlangoni, akaniuliza barua ni ya nani, ingawa alijua. Nikamwambia ni yako. Nikamwuliza kama ana salamu. Akasema hana haki ya kumwamkia mtu wa ukoo huu. Nikaendelea kuikunja. Hakuondoka. Kisha akasema, "Mwandikie shemeji, shikamoo." Nimeiandika kama alivyoisema. Nimemwambia treni huenda polepole na jibu litachukua majuma. Amesema anajua. Bado amesimama pale mlangoni, ametega sikio.